Magurudumu manne yaliyohamia getini

Leo asubuhi nimepoteza magurudumu manne ya rola kosta ya watoto, kile kigari cha kuchezea kinachopanda na kushuka kwenye reli, ile niliyoichomelea mwenyewe hapa uwanjani Umoja.

Saa sita nimeyapata. Yamefungwa chini ya geti la ploti yetu ya nyumba za kupanga.

Geti linateleza vizuri, siwezi kukataa.

Keyateka wetu, mwangalizi wa ploti, Baba Shiro, hana hata aibu. "Fundi, hayo yalikuwa yananing'inia tu chini ya reli. Hayabebi kitu. Mimi nimeyapa kazi."

Watu wakacheka. Nyinyi mngemjibu nini?

Kibehewa kina magurudumu kumi na mawili: manne juu ya reli, manne ubavuni, manne chini yake. Behewa likivuka kilele kwa kasi hutaka kuruka, na ya chini ndiyo hulishika. Zamani hayakuwepo, na mabehewa yaliruka kweli. Hadi leo najiuliza nani aliwaza kuweka gurudumu mahali pasipo na uzito.

Kesho watoto wa kanisa wanapanda. Bila hayo siwashi mashine, na Shiro, mtoto wa huyu huyu keyateka, ameshajiandikisha kiti cha mbele.

Baba Shiro, najua unasoma. Nijibu kabla ya saa kumi na mbili jioni: unayafungua wewe, au nije na spana?