Tablo Iliyogeuzwa Ukutani

Katika kwaya yetu ya parokia hapa Butembo, kabla ya safari yoyote, kila mwimbaji husimama peke yake mbele ya tablo, ubao wetu wa chaki, na kuimba mstari ninaomwonyesha kwa fimbo. Noti tunaziandika kwa herufi: d, r, m, f. Ukikosea mara tatu, hutasafiri. Sheria hiyo niliitunga mimi, na niliipenda kama mtu anavyopenda kiti chake.

Mwaka ule tulialikwa kuimba misa ya jubilei huko Beni. Katika sauti ya pili tulikuwa na mama mmoja, muuza viazi vya Lubero, mwenye sauti ambayo ungeisikia hata mvua ikipiga mabati. Mama yake mzazi aliishi Beni, miguu imechoka, na hakuwahi kumsikia binti yake akiimba. Kwa hiyo aliitaka safari ile kuliko sisi sote.

Katika zoezi la kwanza alikosea noti tatu mfululizo. Nilicheka. Nilisema labda vumbi la viazi limemwingia machoni, na kwaya nzima ikacheka nami.

"Maestro, mi hapana muvivu," akasema. "Maandiko inatembea. Naangalia mustari, inakimbia."

Baadaye mwimbaji mmoja wa besi, mwalimu wa serikali aliyetumwa huku kutoka Kasai, alinivuta kando. "Ile hapana bujinga, maestro. Iko na jina: dyslexie. Batu ba vile banasikia muzuri, lakini kusoma ndjo inabasumbua. Umufundishe kwa masikio."

Sikufurahi. Sipendi kufundishwa kazi yangu. Hata hivyo, kila Jumamosi mchana yule mama alifika mapema, nami nikamwandikia mstari mmoja tu wa zaburi tuliyotakiwa kuimba Beni, herufi kubwa zilizoachana, kwa chaki ya njano, na mengine yote nikayafuta. Niliimba, akaitikia, mkono wake ukipanda na kushuka pamoja na noti. Kisha nikamrekodia kwenye simu yake, akawa anasikiliza sokoni huku akichambua viazi. Kuna siku mstari mmoja ulitumalizia mchana mzima, nami nikajuta kukubali. Lakini alichokishika hakikumponyoka tena.

Wiki ya mtihani ilipofika, zaburi yote alikuwa nayo kichwani, ila tablo bado ilimshinda. Niliomba kamati ya kwaya imsamehe.

"Sheria ni msumeno, maestro," rais wa kwaya akanijibu. "Weye mwenyewe ndjo unasemaka vile."

Nilikasirika, maana maneno yalikuwa yangu kweli. Siku ya mtihani, mbele ya kwaya nzima, nikaigeuza tablo, uso wake ukutani. Nikawaambia kwamba leo kila mtu ataimba zaburi bila kutazama chochote, na ili nisionekane mwonevu, nitaanza mimi.

Ubeti wa tatu ulinipotea. Nikarudi nyuma, nikapotea palepale. Nikarudi tena, hali ikawa ileile. Wengine wakaangalia viatu vyao. Ndipo kutoka sauti ya pili yule mama akaanza kunipa noti zangu polepole, moja baada ya moja, kama nilivyokuwa nikimfanyia Jumamosi. Hakucheka. Niliona haya kiasi cha kutaka kwenda nyumbani.

Baada yangu wengi walianguka mtihani, na kamati ikaiweka sheria kando. Tulikwenda Beni sote. Yeye ndiye aliyeimba zaburi, mikono mitupu, bila karatasi. Mama yake alikaa benchi la mbele, mdomo wazi, hakujongea mpaka ubeti wa mwisho.

Baada ya misa bibi huyo aliniita.

"Huyu mutoto, ku masomo ya primaire balimu balikuwa banamupiga juu ya kusoma," akasema. "Weye ulimufanya nini, papa?"

Ningeweza kumweleza habari za chaki na simu.

"Kwanza nilimucheka, mama," nikasema.

Akanipa mkono nimsaidie kuinuka, tukatembea taratibu hadi mlangoni, binti yake alikokuwa akitungoja.