Dawa ya Mume Wangu Niliificha Nyuma ya Maziwa

Mimi ndiye nimemlemaza mume wangu. Si shetani, si majirani. Ni mimi, na yeye hajui mpaka leo.

Bwanangu ni fundi wa nguo hapa Ruiru. Alizaliwa na hemofilia, ule ugonjwa wa damu kukataa kuganda. Mwaka tuliooana aling'olewa jino huko Thika, damu ikatoka siku tatu na dawa haikuwa. Wueh! Niliapa dawa haitawahi kutuishia tena.

Kliniki walipoanza kutupa dawa ya kudunga ya kuweka nyumbani, mimi ndiye nilikuwa naichukua, maana yeye yuko kwa cherehani. Tuliambiwa vizuri kabisa: akisikia tu kiungo kinamtekenya ama kina joto, mdunge hapo hapo, msingoje kifure.

Nilifanya hivyo? Ng'o!

Mtu wa kukanyaga cherehani kutwa, kifundo cha mguu wa kulia ndicho kilikuwa kinavuja damu kwa ndani. Akiniambia, "Mama Wanja, huku ndani kunaanza," naangalia mguu, sioni kitu. Najiambia haka ni kadogo, kataisha na barafu. Halafu namdanganya: "Dawa imeisha, wamesema tungoje."

Na iko kwa friji yetu, nyuma ya maziwa, nimeifunga na gazeti! Nilikuwa naiwekea siku ya ajali. Si tunaambiwa akiba haiozi? Yangu iliharibika, jamani. Tarehe ilipita chupa nne zikiwa hazijafunguliwa.

Daktari alipoona picha ya kile kifundo alitugeuzia tuione. Akatueleza kwamba damu ikibaki ndani ya kiungo, ule utando laini wa ndani unafura, na ukifura unavuja tena upesi kuliko mwanzo. Kidogo kidogo hivyo, mpaka kile kilainishi kilicho katikati ya mifupa kikalika chote. Sasa ni mfupa kwa mfupa.

"Mngedunga mapema," akasema.

"Daktari, dawa haikuwa," bwanangu akajibu.

Mimi nikaangalia sakafu. Ngai! Hapo ndipo ningesema, na sikusema.

Siku hizi mguu haukunjiki. Tunaishi ghorofa ya nne na ngazi zimemshinda, kwa hivyo anashinda dirishani akiangalia wenzake wakienda kazi. Na mimi nimefungwa humo humo na yeye. Nikitaka kusema ukweli, ulimi unakuwa mzito. Nikinyamaza, silali.

Juzi watu wa kanisa walikuja kumwombea. Akawaambia, "Huyu mama amenihangaikia dawa hata wakati hakuna." Wakapiga makofi. Nami, aki, nikasema amina!

Wewe uliye na mgonjwa kama huyu, akikwambia anasikia kitu kwa kiungo, mwamini kabla hujaona. Mdunge. Ya kesho mtatafuta kesho. Na kama ushaificha kama mimi, mwambie leo, kabla hajaanza kukushukuru.