Darasa la sita lililochafuka kila mchana: jinsi nilivyolituliza, Karagwe 1958

Mwaka 1958, katikati ya kiangazi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba, na ujane wa miaka miwili.

Wakuu, wakubwa zangu kama mmesalia humu, shikamooni. Ninyi wengine, marahaba.

Nimesoma malalamiko ya kijana mmoja mwalimu kwamba darasa lake halishikiki baada ya chakula cha mchana. Nami naleta yaliyonipata mwenyewe. Sitapunguza wala sitatia chumvi.

Mimi ni mzaliwa wa Kanoni, mtoto wa migomba na kahawa. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, nikiwa mrefu kuliko mwalimu wangu, na sikuona haya. Ualimu niliupata kwa jasho. Kwa hiyo nilipopewa darasa la sita katika shule moja ya kati upande wa Nyakakika, mwanamke pekee katika walimu watano, sikuwa tayari kunyang'anywa.

Asubuhi darasa lilikuwa kama kanisa.

Mchana lilikuwa kama mnada.

Watoto tisa wa wafugaji, waliotoka kwenye mbuga, walirudi darasani wakiwa wamechelewa, wamenuna. Ukimgusa mmoja, ngumi. Wenzao wa mashambani hawakuwaacha.

"Mnakimbia maharage kama mmeona chui!"

"Nanyi mnayala mpaka mnanuka moshi!"

Ieleweke kwamba shule ilikuwa na amri: chakula cha mchana ni maharage na ndizi, na hakuna kuondoka mpaka sahani iwe tupu. Anayebakiza, viboko. Mwalimu mkuu aliisimamia amri hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa alikulia katika njaa na hakuvumilia kuona chakula kikimwagwa.

Jumanne, tarehe 17 Juni, aliingia darasani kwangu kukagua. Nikafungua kisanduku cha chaki ili niandike.

Kilikuwa kimejaa maharage.

Darasa zima likaangua kicheko, isipokuwa binti mmoja wa wafugaji, Kemilembe, ambaye alitazama chini. Mwalimu mkuu hakucheka; alikuwa akimtazama yeye.

"Bibi," aliniambia nje, "kamati ya shule inakaa tarehe 5 Septemba. Mchana wako usipotulia kufikia hapo, nitapendekeza urudi kufundisha darasa la kwanza. Na huyo binti tutamrudisha kwao."

Darasa la kwanza! Si kwamba ni kazi ndogo, wakuu. Lakini mimi nilijua nilikotoka.

Jumamosi ile nilivaa viatu vyangu vya kanisani nikaenda kwa kina Kemilembe. Ni mbali, nyasi mpaka kiunoni. Baba yake, Mzee Rujumba, alikuwa machungani. Mama yake alinipokea vizuri mno, akanitandikia mkeka, akachukua kibuyu cha maziwa na kukifuta mdomo.

Kabla ya kunipa, akasita.

"Waitu mwalimu," akaniuliza kwa heshima ya kwao, "leo umekula nini?"

"Maharage," nikajibu, "kabla sijatoka."

Akakirudisha kibuyu nyuma yake.

"Basi leo hupati. Njoo siku nyingine."

Nilidhani nimetukanwa. Uso wangu lazima ulisema hivyo, maana alicheka akanishika mkono.

"Usinikasirikie, mwanangu. Maziwa na maharage hayakutani katika tumbo moja siku moja. Yakikutana, kiwele cha ng'ombe kinavimba, anatoa damu. Nina ng'ombe ana ndama mchanga. Akiharibika nitamdai nani, wewe au maharage yako?"

Nikamuuliza: watoto hunywa nini alfajiri kabla ya kuja shule?

"Maziwa. Kwani kuna nini kingine hapa?"

Wakuu, pale mkekani ndipo nilipoelewa.

Watoto wale hawakuwa wakaidi. Kila mchana walitakiwa kuchagua kati ya fimbo ya mwalimu na ng'ombe wa mama yao. Walichagua ng'ombe, wakaficha maharage popote walipoweza, kisha wakaketi na njaa mpaka jioni. Ni nani angetulia?

"Na ulezi?" nikauliza.

"Ulezi haugombani na maziwa."

Jumatatu nilimwendea mwalimu mkuu nikaomba vyungu viwili, kimoja cha maharage na kimoja cha uji wa ulezi. Akatikisa kichwa.

"Shule haiongozwi na ng'ombe, bibi."

"Ni kweli, bwana mkuu. Lakini darasa la mchana linaongozwa na tumbo."

Kisha akasema, "Ulezi utautoa wapi? Hao hawalimi."

Hilo nilikuwa nimelifikiria njiani. Wafugaji wana samadi, na wakulima hawashibi samadi. Nikapendekeza wazazi wa mashambani walete ulezi, na wazazi wa mbugani walete samadi kwa ajili ya migomba ya wenzao. Mwalimu mkuu akaniruhusu kujaribu, kwa hatari yangu mwenyewe.

Nikabadili na mwito wa asubuhi. Nikiita jina, mtoto hakujibu "nipo". Alijibu chungu chake: "Uji!" au "Maharage!" Ukishasema, hubadilishi.

Siku ya kwanza Byabato, mtoto wa mkulima, akajibu, "Vyote!"

Siku ya pili akajibu, "Uji, nimekunywa maziwa."

"Ya ng'ombe yupi, Byabato?"

"Wa babu, mwalimu."

"Babu yako ana mbuzi!" Kemilembe akapaza sauti kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza pande zote mbili zikacheka pamoja.

Wale tisa nikawapa na kazi ya kupiga kengele ya mchana kwa zamu. Mpiga kengele hawezi kuchelewa kengele yake mwenyewe.

Utulivu haukuja kwa siku moja. Julai kulikuwa na ugomvi bado. Agosti ulipungua.

Ijumaa, tarehe 5 Septemba 1958, kamati ilifika, na kwa makusudi ikaja darasani mara tu baada ya chakula. Watoto wote walikuwa wameketi, wakifanya hesabu. Mwenyekiti, mkulima wa kahawa mwenye maneno machache, alisimama mlangoni muda mrefu akingoja fujo. Haikuja.

Baadaye nikaitwa ofisini. Mwalimu mkuu ndiye aliyesema, bila kuulizwa: "Mwalimu abaki na darasa lake. Na binti abaki. Amri ya sahani tupu naiondoa mimi mwenyewe."

Ikaandikwa, wakatia sahihi. Nilitoka nje nikarudi darasani kumalizia hesabu.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamrudi mtoto kwa kuvunja amri yako, ulizia ni amri ya nani anayoitii. Walimu mliomo humu, kwenu mchana darasa huchafuliwa na nini? Semeni, ninasoma yote.