Saini ya Karani wa Fukwe

Mukalay, karani katika ofisi inayoshughulikia vibali vya fukwe hapa Kolwezi, hakula rushwa ya mtu. Alikuwa mvivu tu. Mfanyabiashara mmoja aliomba kibali cha kusimamia kipande cha ufuko wa ziwa Nzilo, na kanuni ilimtaka karani aende mwenyewe aone kama kuna watu wanaokitumia. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara tope tupu, na yule bwana alimwita "shefu" kila baada ya maneno mawili. Basi Mukalay akaandika akiwa kitini kwake: Ufuko hauna watumiaji. Akapiga saini. Hata hakuuliza ni ufuko upi.

Kiangazi kilipofika, kanisa lake lilikwenda ziwani kubatiza watu tisa, palepale lilipobatizia miaka yote. Walikuta kamba, viti vya plastiki na mlinzi. Mlinzi akatoa karatasi ya kibali.

Mama Ernestine, shemasi, akaipokea, akampa Mukalay. "Tata, we njo unajua mambo ya biro, makaratasi ya ofisi. Utusomee."

Akasoma. Alipofika kwenye maneno "Ufuko hauna watumiaji", akayasoma harakaharaka.

"Hakuna bantu?" akauliza mzee Ngoy wa kanisani. "Na sisi? Nani alisinye hii maneno?"

"Saini haisomeke," akasema Mukalay.

Mama Ernestine akaichukua karatasi, akaiweka juu ya kadi za ubatizo alizozibeba. Mukalay ndiye pia katibu wa kanisa. Kadi zote tisa alizisaini jana yake. Herufi M ya saini ilikuwa ileile, kubwa, yenye mkia wa mbwembwe. Mama akatazama karatasi, akatazama kadi.

"Kweli," akasema polepole. "Haisomeke." Akazigeuza kadi chini juu, mwingine asije akaona.

Heri angemtukana. Kufichiwa aibu na mama huyu, aliyemshika mkono siku alipobatizwa yeye mwenyewe katika maji haya haya!

"Twende kule kwa matete," mama akawaambia watu. Wakaanza kushuka kwenye matope, wameinua nguo zao nyeupe.

"Mama," Mukalay akaita, kwa sauti ya kusikika na wote, "inasomeka. Ni mi njo nilisinye. Sikufika hapa kuangalia hata siku moja mbele ya kusinya."

Wakageuka, wakamtazama. Walipoendelea na safari, Mukalay akavua viatu, akaingia matopeni nyuma yao, wa mwisho.