Salamu moja imeniponza

Leo nimepiga kamupira ya golf kutoka mbali, kakaingia mu shimo mara moja. Hakuna mutu alinipigia makofi.

Shiye bazee tunachezea mu malisho ya ng'ombe, pale mulimani. Magoti inalia, lakini tunapanda tu.

Shida ni rafiki yangu Kambale. Mama yeyote akipita na kitunga, Kambale anaacha fimbo ya golf, anauliza habari ya bwana, ya batoto, ya maharagi. Giza inatukuta hatuyamaliza kucheza.

Donc njo mimi nilileta sheria: "Mwenye kupiga, hapana kusalimia mutu!"

Leo ni zamu yangu. Niko nalenga. Nyuma yangu sauti:
"Jambo, papa!"
Naangalia kamupira tu.
"Papa, jambo!"
Sheria ni sheria. Nikapiga. Kakaingia!

Nageuka na furaha, Kambale amefunika macho.
"Muzee, ule ni mama ya fiancée, muchumba ya kijana wako."

Alikuwa anashuka mulima mbiombio, analalamika:
"Kama banatuzarau hivi, hii siku ya Mungu, Jumapili, basikuje kuomba binti yangu!"

Kijana, kama uko nasoma, samehe papa.

Nimechoka, batu yangu. Weye ungefanya nini?

Kesho nashuka kwake kuomba musamaha. Mu njia nitasalimia kila mutu, hata mbuzi yake.

Sijui nitafika saa ngapi.