Mstari Nilioutuma Bila Kuusoma

Ndugu zangu, leo nimeaibika mbele ya mdogo wangu mpaka nimekosa pa kuficha uso.

Mnanijua. Kila asubuhi lazima nitume mstari wa Biblia kwenye magrupu.

Mchana nafua hapa nyumbani Makoko, nikasikia hodi. Natoka, namkuta mdogo wangu Vero. Katoka Kisorya na basi la asubuhi, mkononi ana samaki wawili, sato. Hatujasemeshana tangu tulipogombana kwenye mazishi ya mama!

"Dada, nimesoma lile Neno la kusameheana ulilonitumia," akasema huku analia. "Nikasema, kama dada mkubwa ameanza, mimi ni nani nikatae?"

Neno lipi tena? Jamani, hata sikulikumbuka. Kuna mtu alinitumia, nikalifowadi kwa watu wote walio kwenye simu yangu, nikaenda zangu kupiga mswaki.

Nikasingizia kwenda kubandika chai. Jikoni nikafungua simu, nikausoma ule mstari kwa mara ya kwanza.

Nikarudi, nikamwambia ukweli.

"Vero, sikukukusudia wewe. Nilituma tu, hata sikusoma."

Nikajua sasa anaondoka.

"Basi nisomee sasa," akasema.

Nikaanza kusoma, sauti ikakatika katikati. Akachukua simu, akamalizia yeye. Ndipo nikamwomba msamaha, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe.

Saa hizi yuko jikoni anaparua samaki na kuimba. Mimi bado naona aibu kumtazama usoni.

Nyie mnaotumaga mistari asubuhi, mnaisomaga kweli?