Mkono wa Mkaguzi

Mke wangu hatulii. Nimeishi naye miaka yote hii na sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Alikuwa muuguzi wodini, kisha serikali ikamfanya mkaguzi wa vyuo vya uuguzi, nami nikadhani sasa atapumzika. Nilijidanganya. Wakuu wa vyuo wakisikia anakuja hukimbilia kupaka kuta rangi, na yeye kuta hata hazitazami. Huenda moja kwa moja chumba cha mazoezi, anakunja mkono wa gauni, anamwambia mwanafunzi, "Nipime presha." Ndiyo maana wanamwita Mama Mkono.

Safari hii zamu ilikuwa ya chuo anachosoma binti yetu, mwaka wa mwisho, mtihani uko mlangoni. Alimwomba bosi wake apeleke mtu mwingine. Bosi akasema mtu mwingine hayupo, labda amzae. Basi asubuhi ile mama na mwana walitoka nyumbani bila kutazamana, na mama kwa wasiwasi akasahau kumeza dawa zake za presha.

Ya huko nimesimuliwa na wote wawili. Mwanafunzi wa kwanza alifunga mkanda, akapampu, akasikiliza kwa uso wa kitaalamu, akasema, "Mia na ishirini kwa themanini." Safi kabisa. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu vilevile. Mke wangu kichwa kinamgonga, na kila anayekuja anampa afya ya msichana. Mkuu wa chuo alikuwa pembeni akitabasamu, maskini, hajui kwamba anazidi kuzama.

Ikafika zamu ya binti yetu. Akapampu, akasikiliza, akapampu tena.

"Sisikii kitu, mheshimiwa," akasema.

"Huwa unasikia?"

"Hapana. Kipimo hiki kibovu tangu tuingie. Walimu walituambia tusiposikia tuseme mia na ishirini kwa themanini, kwa sababu ndiyo presha ya kawaida."

Jioni nilikuwa sebuleni nikihangaika na redio ya mteja waliporudi. Binti hakuketi.

"Umependekeza nini, mama?"

"Mwaka wenu hamtafanya mtihani mpaka mfundishwe upya."

"Mimi ndiye niliyesema kweli. Wenzangu wamedanganya, na sote tunaadhibiwa."

Nilikasirika na mimi, sifichi. Nilimwambia mke wangu ana roho ngumu; serikali yake ndiyo iliyokiacha chuo kioze, sasa mzigo anatwishwa mtoto. Mke wangu alikuwa akiizunguka meza, anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Kisha akasimama.

"Na wodini je, mnapokwenda mazoezi? Kule vipimo ni vizima. Ulikuwa unafanyaje?"

Binti alitazama sakafu. "Nasikia makelele tu, mama. Sijui nianze kuhesabu wapi."

"Sasa ulikuwa unaandika nini?"

Sote tulijua alikuwa akiandika nini.

"Jana nilimpima mjamzito mmoja," binti alisema. "Alilalamika kichwa. Miguu ilikuwa imevimba."

Mke wangu, aliyezijua dalili za kifafa cha mimba, alikuwa ameshavaa viatu. Tulitoka sote watatu, mimi na kandambili zangu, wao mbele wakienda mbio. Nilikuwa na hasira bado, ila sikujua tena ni ya nani.

Wodini, kitanda cha yule mjamzito tulikikuta kimetandikwa shuka safi. Muuguzi wa zamu, mama mpole, alifungua faili na kututuliza.

"Msiwe na wasiwasi. Ameruhusiwa asubuhi. Presha yake ilikuwa nzuri."

Nilimtazama mke wangu aseme, maana yeye ndiye mwenye cheo. Yeye akamtazama mwanawe. Nilimwonea huruma mtoto yule hadi nikataka kumsemea.

"Dada, hiyo presha niliandika mimi," binti alisema. "Sikuelewa nilichosikia. Niliandika tu."

Uso wa muuguzi ulibadilika. Alitafuta namba ya mume wa mgonjwa, akapiga, nasi tukasimama tukisikiliza simu ikiita. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.